Pamba Tuliyoitoa kwa Jina la Mzee

Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye ofisi ya mikopo pale Somanda. Juma lililopita alikuja kunisalimia akiwa na karatasi za kazini mkononi. Mkuu wake amemwagiza alinganishe programu mbili za kompyuta, maana ofisi ina uwezo wa kununua moja tu. Ya kwanza inafuatilia wafanyabiashara: nani amekopa wapi, nani amelipa, nani anachelewesha. Ya pili inatafuta habari za soko: choroko zina bei gani Mwanza, mchele unapanda au unashuka, pamba inaelekea wapi. Alinieleza huku anakula viazi, akaniuliza kwa utani, kama ningekuwa mimi ningenunua ipi.

Alidhani nitacheka. Mimi nilishikwa na baridi ya mikono, ile ile ya zamani, nikaweka kikombe chini kisije kikaanguka. Nikamwambia nitamjibu kwa kuandika, kwa sababu jambo hili nikilisema kwa mdomo sitalimaliza.

Lilitokea soko huria lilipoingia kwenye pamba. Watu wote waliohusika, isipokuwa mmoja, nawakumbuka kwa majina yao na majina ya baba zao, lakini sitaandika hata moja. Wengine watoto wao wako hapa hapa Bariadi.

Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja. Upende usipende, unaipeleka ghalani kwa chama cha ushirika. Malipo yalichelewa, hata ukasahau umeuza, lakini ulijua unamdai nani na anakaa wapi. Mimi nilikuwa mfagiaji wa ghala hilo. Karani wa mizani anatangaza jina la mkulima, jina la baba yake, na kilo, mwenzake anaandika, na mimi niko pembeni na ufagio wangu nakusanya pamba iliyodondoka. Msimu mzima nasikia majina. Sikujitahidi kuyashika, yaliingia yenyewe yakakaa. Ikafika mahali watu wakibishana nani alileta pamba siku gani, wananiuliza mimi kabla ya kufungua daftari.

Kutoka hapo nikapata kazi nyingine isiyo na mshahara. Mtu akiombwa mbegu au debe la mtama, anapita kwangu kwanza. Yule wa ng'ambo ya mto anarudisha? Namwambia: baba yake alirudisha, yeye mwenyewe mwaka wa mvua nyingi alirudisha nusu, na nusu ya pili akaileta bila kufuatwa. Au nanyamaza. Nikinyamaza, mtama hautoki. Mume wangu alipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyofanya watu waendelee kupita nyumbani kwangu, na nilijivunia.

Mdogo wa marehemu mume wangu, shemeji yangu, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye alifuata bei. Alikuwa na baiskeli, na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli hiyo hiyo, na kila siku ya gulio alikuwa njiani. Alikwenda mpaka Lamadi kuongea na madereva wa malori na akina mama wa dagaa, akarudi na habari: upande wa Busega wananunua hivi, Maswa wameshusha, kiwandani magari yamejipanga mpaka barabarani. Ukimuuliza nani amemwambia, hajui jina, atasema ni dereva wa gari jekundu.

"Shemeji," nilikuwa namwambia, "shahidi wako siku zote ni gari jekundu."

"Na wewe mayu," ananijibu, maana kwetu mayu ni mama, "ukiulizwa pamba kilo bei gani, utasema kwanza niambie ni pamba ya mtoto wa nani."

Tulicheka sana kwa hilo. Mwaka ninaousema tuliacha kucheka.

Mwaka huo mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Mpunga haukupandwa, majaruba yalikuwa yamepasuka. Iliyostahimili ni pamba peke yake. Kwenye nyumba yangu ilijaa chumba kizima, kutoka sakafuni hadi kwenye miti ya paa, na wale wadudu wake wekundu wanatembea ukutani. Mbali na pamba tulikuwa na michembe kidogo, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kibuyu cha nsansa, yale majani makavu ya kunde. Basi. Pamba ile ilikuwa ndiyo ugali wetu mpaka mavuno mengine, na nyumba zote za kitongoji zilikuwa hivyo hivyo. Nilikataza taa isiingizwe chumbani. Kukiwa na wingu naangalia paa. Mbwa akibweka natoka nje kuangalia. Sikuwahi kuogopa mali namna hiyo. Ng'ombe ukiwa nao unawaogopea, lakini ng'ombe hawaungui kwa cheche moja.

Na wanunuzi sasa walikuwa wengi na hatukuwajua. Wengine walikuja na mizani ambayo mtu mzima akiipanda anakuwa na uzito wa mbuzi. Wengine walilipa taslimu papo hapo, bei ya kukutukana. Watu walirudi na magunia yao nyumbani, wakapita kwangu, wakaniuliza: huyu wa leo ni nani? Nikasema simjui. Siku ya pili, mwingine, simjui. Majina yote niliyokuwa nayo kichwani hayakuwa na kazi. Hilo nalo lilinitisha.

Ndipo akaja kijana mmoja na lori. Aliegesha kwenye uwanja wa ghala la zamani, watu wakakusanyika, naye hakuanza na bei kama wenzake. Alianza na salamu. Alisema mwadila kwa wazee mmoja mmoja, akainama, na alipofika kwangu nikamuuliza kama tunavyouliza sisi: wewe ni ng'wana nani? Akataja jina la baba yake na kijiji chake, Shishiyu.

Nilisikia kitu kinalegea kifuani. Baba yake nilimjua. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala letu miaka mingi, kabla hajastaafu akarudi kwao. Msimu mmoja alipimia pamba ya mama yangu, jioni akagundua amesoma mizani vibaya, amempunja kilo chache. Kesho yake mvua inanyesha, mto umejaa, alifika kwetu na suruali imekunjwa mpaka mapajani, baiskeli begani, kuja kumwambia mama kwamba amekosea na kilo zake ameziandika. Kilo chache, ambazo mama mwenyewe hakuzijua. Nilikuwa binti wakati huo, mimi ndiye niliyempa kigoda akae.

Kijana akataja bei. Ilikuwa juu kuliko zote tulizosikia. Ila fedha angelipa baada ya kupeleka mzigo kiwandani, gulio la pili kuanzia siku ile, na kwa sasa angetoa karatasi yenye kilo na sahihi. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kunitazama mimi.

Nilisimama nikawasimulia habari ya baba yake, kilo zile na mto. Nikamaliza kwa maneno haya, nayakumbuka kama nilivyoyasema: "Damu hii haidhulumu. Mimi ya kwangu naitoa."

Shemeji alikuwa nyuma, ameegemea baiskeli yake. Akaomba kusema. Alisema yeye hamjui kijana wala baba yake, na hana ugomvi nao. Lakini juzi alikuwa Lamadi, akaongea na dereva aliyetoka kupeleka pamba kiwandani, na bei ya kiwandani getini ni ndogo kuliko hii tunayopewa hapa mlangoni.

"Sasa nielezeni," akasema. "Mtu gani ananunua ghali, anasafirisha, halafu anauza rahisi? Huyu hana mpango wa kulipa."

Kijana akatabasamu, akasema ana mkataba na mtu mwingine. Mimi nikamgeukia shemeji mbele ya watu wote. Nikamuuliza dereva wake anaitwa nani. Akasema hajui. Nikamuuliza ni mtoto wa nani. Mtu mmoja akasema, gari jekundu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Shemeji akapanda baiskeli akaondoka.

Kicheko kile bado nakisikia. Kilikuwa cha watu wenye njaa waliopata ruhusa ya kuamini.

Pamba ilipakiwa siku tatu. Chumba changu kilipobaki kitupu, nilifagia, na sauti ya ufagio ikawa inarudi kutoka ukutani. Karatasi yangu nikaiweka kwenye bati la chai.

Gulio la kwanza lilipita, hilo hatukumtarajia. Gulio la pili tulifika mapema, tumebeba magunia matupu ya kununulia mahindi. Tulikaa mpaka wauza nyanya wakafunga. Hakuja. Tukasema labda lori limeharibika. Gulio la tatu wakaja nusu ya watu. La nne nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye kizingiti cha ghala nililokuwa nafagia, na kila gari lilipotimua vumbi nilisimama kutazama kama ni lake.

Nyumbani watu walikuwa wanapita bado, kama zamani. Ila sasa hawakuuliza kitu. Anakuja mama, anakaa, anatazama jiko langu kama lina moto, anaaga. Anakuja mwingine. Jirani yangu, mwanamke tuliyelima naye tangu tunaolewa, alikuja na sufuria tupu akaiweka katikati ya miguu yangu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ulituambia damu haidhulumu. Nipikie hiyo damu."

Baada ya hapo wazee wa kitongoji wakaniita. Hawakunitukana. Mkubwa wao alisema hawasemi mimi ni mwizi, wanasema mimi ndiye niliyesimama. Wakanipa mpaka mwezi uandame. Pamba isipolipwa, nitatengwa. Kwa asiyejua kutengwa kwetu: hakuna atakayenipa moto wala kunichotea maji, hakuna atakayenisalimia. Ukimkuta mtu njiani anatazama pembeni. Ukifiwa, unachimba mwenyewe. Nilikuwa nimeona mtu mmoja aliyetengwa, wakati wa utoto wangu. Alianza kuongea na kuku wake. Halafu akahama, na hatukujua alikoishia.

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa naogopa njaa, lakini hofu hii ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nakiri. Mtu kama mimi, ambaye maisha yake yote ni majina ya watu, akae asiitwe lake na mtu yeyote. Watoto wangu walikuwa wadogo bado. Nilikuwa nawatazama wanacheza na watoto wa jirani, nahesabu siku zilizobaki kabla hawajakatazwa.

Aliyekuja kunitoa pale ni shemeji. Nilijua atakuja, na nilikuwa namwogopa yeye kuliko wote, kwa sababu alikuwa na haki ya kuniambia lolote. Aliegesha baiskeli. Akakaa. Akasema kwamba ameulizia: kijana ameuza mzigo wote kiwandani kwa fedha taslimu, kisha amevuka kuelekea upande wa Kenya, lori lilikuwa la kukodi. Hatarudi. Halafu akaniuliza swali moja.

"Mayu, baba yake yuko hai?"

Nikasema sijui. Akasema twende.

Tulipanda basi mpaka Maswa, kisha tukatembea kwenda Shishiyu tukiulizia njia. Karatasi zetu zilikuwa na sahihi ya mtu ambaye hayupo, tukaona hazina maana, tukaziacha kwenye bati. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu mambo mawili yanayopingana: mzee awe hai, na mzee awe amekufa asinisikie.

Alikuwa hai. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Nilimsalimia, akaniuliza ng'wana nani, nikamtajia jina la baba yangu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mama yako alikuwa ng'ambo ya mto." Nilikaribia kugeuka nirudi nilikotoka.

Nilimweleza. Alisikiliza bila kuingilia. Nilipofika kwenye pamba akanyoosha mkono kunisimamisha, akasema nitaje. Nikaanza kutaja kama alivyokuwa anataja yeye zamani: jina, jina la baba, kilo. Mtu wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mpangilio walivyopakia. Alikuwa anakunja vidole. Jina moja alinikatisha akauliza kama huyo bado anakohoa, nikasema bado. Nikaendelea. Nilipomaliza ng'ombe walikuwa wamerudi malishoni, wanaingia zizini mbele yetu, na yeye anawatambua kwa hatua zao.

Akauliza, "Mlimpa kwa jina la nani?"

Nikasema, "La kwako."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, anasikia yote.

"Basi mlinikopesha mimi," mzee akasema.

Hakuna aliyebisha. Wanawe wengine waliitwa, wakasikia, mmoja akalia kwa hasira lakini hakumpinga baba yake. Kwetu sisi mtu akichukua kwa jina la baba, baba ni mdhamini, awe amejua au hajajua. Nilikuwa nimeitegemea desturi hiyo siku ile uwanjani bila kufikiri kwamba kuna siku mtu atailipa.

Hapo ndipo shemeji alipofanya kazi yake, na ndiyo sababu naandika haya. Wanawe walitaka ng'ombe wauzwe kwenye mnada wa karibu, kesho yake, waondoe aibu. Shemeji akasema hapana. Akasema mnada wa pale mwaka wa njaa kila mtu anauza, bei imelala. Alikuwa amewasikia wachuuzi kwenye basi, wala hakujua majina yao, wakisema kwamba mnada mmoja njia ya Lamadi una wanunuzi kutoka Mwanza wanaotaka nyama, na bei yake ni nzuri. Tuliwaswaga siku kadhaa mpaka huko, na bei ilikuwa kama alivyosema. Kwa sababu hiyo deni lote lilitoshwa na nusu na kidogo ya ng'ombe tuliotoka nao. Waliobaki shemeji aliwarudisha Shishiyu kwa miguu yake mwenyewe. Tungeuza kwa kujua watu tu, bila kujua bei, zizi la mzee lingebaki na kinyesi kikavu.

Lakini pia tungekuwa na bei tu bila jina, tusingekuwa na zizi la kwenda. Hilo shemeji mwenyewe alilisema njiani, na hakulisema kwa kunifariji.

Watu walilipwa kwa bei aliyoahidi kijana, kwa kuwa mzee alikataa kulipa pungufu. Walinunua mahindi. Jirani alikuja kuchukua sufuria yake, nikampa ikiwa na unga, akapokea kwa mikono miwili, na tukaendelea kulima pamoja mpaka alipofariki. Mwezi ulipoandama nilisalimiwa na kila mtu. Ningepaswa kupumua.

Sikupumua, na sababu yake ni asubuhi ile tulipokuwa tunatoa ng'ombe zizini Shishiyu. Yule mama mwenye kibuyu alikuwa amesimama kwenye lango, na kila ng'ombe aliyepita alimgusa mgongoni. Walikuwa ng'ombe wa maziwa yake. Wengine, nilikuja kuelewa, walitoka kwenye mahari ya binti zake. Nilipofika mbele yake niliinamisha kichwa nikaaga. Hakuitikia. Alinitazama usoni, bila ukali.

"Umetaja majina ya watu wote," akasema. "Langu mimi hujaliuliza."

Nilifungua mdomo nimuulize. Nikaogopa. Niliogopa kwamba nikilijua nitalibeba, kama ninavyoyabeba mengine yote, na hilo litakuwa zito kuliko yote. Nikapita, nikafuata mkia wa ng'ombe wa mwisho.

Kwa hiyo mjukuu wangu, mwambie mkuu wako kama anaweza kusubiri akusanye fedha, anunue zote mbili. Ya watu bila ya bei itakufanya usimame uwanjani ukaseme nilichosema mimi. Ya bei bila ya watu itakuacha umesimama sokoni hujui ubishe hodi mlango gani. Akikataa, akasema moja, nunueni ya bei, kwa kuwa hiyo angalau ilisema kweli kabla pamba haijapakiwa.

Ila kabla ya kununua yoyote, muulize anayeiuza kitu kimoja kwa niaba yangu. Aliyekopa yumo ndani, aliyemdhamini yumo, bei imo. Je, yule mwenye kibuyu langoni yumo? Mimi kichwani mwangu hayumo. Mpaka leo nikisikia ng'ombe wanatolewa zizini asubuhi, natafuta jina lake na silioni, na mikono inakuwa baridi.